Mkono wa Mwalimu na Jicho la Mtoto

Siku moja mwaka huu, baada ya swala ya Alasiri, tulikuwa tumeketi na watoto wa Juzuu Amma katika chuo tunachosomesha, hapa Mji wa Kale wa Mombasa. Joto lilikuwa kali na upepo wa baharini umekatika. Tukainua mkono kulisukuma dirisha lililokuwa nyuma ya kichwa cha mwanafunzi mgeni, mtoto wa miaka minane aliyehamia kwetu wiki hiyo hiyo. Mtoto yule akajikunyata, akaziba masikio kwa viganja vyake, na juzuu ikamponyoka mapajani. Hatukuwa tumemsemesha hata neno. Wenzake wakacheka, nasi tukabaki na mkono juu tusijue tuushushe vipi.

Tulimwambia, "Ni dirisha tu, mwanangu." Akaitikia kwa kichwa. Lakini kwa muda wote uliobaki macho yake hayakuwa katika maandishi. Yalikuwa katika mkono wetu wa kulia.

Ndugu msomaji, makala haya tunayaandika kwa ajili ya jicho lile. Tumesomesha kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka hiyo tumesikia mengi kuhusu silabasi, vitabu, madawati na matokeo ya mtihani. Machache sana tumesikia kuhusu mahali anapotazama mtoto wakati mwalimu anaposema. Mtoto aliyeshughulika kuulinda mwili wake hana nafasi ya kuingiza herufi. Ataikariri sura, na huenda akaihifadhi kabla ya wenzake, kwa kuwa hofu nayo hufundisha kwa haraka. Lakini pamoja na sura hiyo atakuwa amejifunza jambo la pili ambalo hatukulikusudia: kwamba mkubwa ni mtu wa kuepukwa, na kosa ni kitu cha kufichwa.

Hilo la pili ndilo linalotushughulisha zaidi. Ibn Khaldun, mwanachuoni mzaliwa wa Tunis aliyefariki mwaka 1406, alieleza katika Muqaddima yake kwamba ukali juu ya mwanafunzi, hasa aliye mdogo, huibana nafsi yake, humwondolea uchangamfu, na humsukuma katika uvivu, uongo na hila. Huanza kudhihirisha kisichokuwamo moyoni ili auepuke mkono unaomtawala, na akishazoea, hila hugeuka kuwa ndiyo tabia yake. Zaidi ya miaka mia sita imepita, na kila mwalimu wa chuo anamjua mtoto huyo. Ndiye asemaye "Nimehifadhi, Maalim" ilhali hajafungua msahafu, na ndiye aumwaye na tumbo kila Jumamosi asubuhi.

Sisi tuliosoma chuoni katika miaka ya sabini na themanini tulilelewa kwa henzirani. Wazazi wengine, walipomleta mtoto siku ya kwanza, walimkabidhi mwalimu nyama wakajibakishia mifupa, maana yake piga utakavyo mradi usivunje. Hatuwatukani walimu wetu. Walitufundisha kwa ada ndogo au bila ada, wengine wakijikimu kwa kushona kofia baina ya darasa na darasa, na kila tunaposoma Fat-ha tunawakumbuka kwa dua. Hata hivyo, tukisema kweli yote, tunawakumbuka pia wenzetu waliokimbia. Tukikutana mjini leo husema kwa kucheka, "Mimi chuo kilinishinda." Ni kicheko tu cha mtu mzima. Wengi wao hawakushindwa na chuo. Walishindwa kukaa mahali walipokuwa wakiogopa.

Katika Sahihi ya Imamu Muslim mna mapokezi ambayo, kwa rai yetu, kila mwalimu angepaswa kuyasoma mara moja kila mwanzo wa muhula. Muawiya bin Al-Hakam As-Sulami (r.a.) alikuwa mgeni katika Uislamu. Akaswali nyuma ya Mtume (s.a.w.), mtu mmoja akapiga chafya, na Muawiya, ndani ya swala, akamuombea rehema kwa sauti. Watu wakamkodolea macho. Akazidi kuharibu kwa kuwauliza wanamtazamia nini. Wakapiga mapaja yao kwa viganja kumnyamazisha, naye akanyamaza. Hebu jiwekeni mahali pake: mgeni, mbele ya msikiti mzima, amekosea mara mbili, na kila jicho limemgeukia.

Swala ilipokwisha, Mtume hakumkemea, hakumpiga wala hakumtusi. Haya ameyasimulia Muawiya mwenyewe, naye anaapa kwamba hakupata kumwona, kabla yake wala baada yake, mwalimu aliyefundisha vizuri kuliko yeye. Aliambiwa kwa maneno machache kwamba swala haifai kuchanganywa na mazungumzo ya watu, bali ni tasbihi, takbiri na kisomo cha Qur'ani. Basi. Darasa lilikuwa na urefu huo.

Waalimu wengi hukomea hapo wanapoisimulia hadithi hii, nasi kwa miaka mingi tulikomea hapo pia. Lakini mapokezi yanaendelea, na yanayofuata ndiyo yaliyotufungua macho. Muawiya anaanza kuuliza. Anaeleza kwamba ndiyo kwanza atoke katika ujahili. Anauliza kuhusu makuhani wanaoendewa na watu wake, anauliza kuhusu wanaopiga ndege fali. Mtu aliyekuwa amenyamazishwa muda mfupi kabla sasa ana maswali yasiyokwisha. Kisha anasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: kwamba alikuwa na kijakazi akimchungia kondoo upande wa Uhud, mbwa mwitu akanyakua kondoo mmoja, naye kwa hasira akampiga yule kijakazi kofi. Mtume akaliona jambo hilo kuwa zito. Muawiya mwenyewe ndiye aliyetoa rai ya kumwacha huru, na mwisho wa habari mwanamke yule anaachwa huru.

Tazama mpango wake. Mtu hakupigwa kwa kosa lake. Kwa sababu hiyo akaweza kulitaja kosa lake jingine, ambalo lilikuwa ni kupiga. Lau angekemewa pale msikitini, dhambi ile angeondoka nayo kifuani, na yule kijakazi angebaki alipokuwa. Tunapozungumza juu ya kujenga tabia darasani, hatujui mfano ulio wazi zaidi ya huu. Uaminifu kati ya mwalimu na mwanafunzi hupimwa kwa yale ambayo mwanafunzi huja kuyasema bila kuulizwa. Heshima ya kusimama mwalimu anapoingia tunaipenda, lakini hata mtoto anayetuchukia anaweza kusimama.

Tunajua waalimu wenzetu watatukumbusha hadithi ya kuwaamrisha watoto swala wakiwa na miaka saba na kuwapiga kwa ajili yake wakiwa na kumi. Hadithi hiyo ipo, wala hatuikimbii. Lakini anayeishika kwa mkono mmoja aishike kwa yote miwili. Inazungumza na mzazi au mlezi, na inazungumza juu ya swala, nguzo ya dini. Haizungumzi juu ya mtoto aliyechanganya ha na kha. Wanavyuoni wameifunga kwa masharti: pigo lisiumize, lisiache alama, lisiguse uso, na liwe na matumaini ya kufaa. Na kati ya saba na kumi mna miaka mitatu. Mwaka wa Kiislamu una siku 354, na swala ni tano kwa siku; hesabu hiyo inapita mara 5,000 za kuamrisha kwa ulimi na kwa mfano. Bado hatujakutana na baba au mwalimu aliyezitimiza mara hizo kwa upole kisha akahitaji fimbo. Na mwenye kuileta hadithi hiyo alikuwaje mwenyewe? Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba Mtume hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi, wala chochote, isipokuwa akiwa katika jihadi. Anas bin Malik (r.a.), aliyemtumikia miaka kumi tangu utotoni, amesema hakuwahi kumsikia akimguna.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Kiboko kiliondolewa skulini mwaka 2001. Katiba ya 2010, katika ibara ya 29, inamkinga kila mtu na adhabu ya viboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamwekea anayempiga mwanafunzi faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Wako wanaosema hayo ni ya skuli, si ya chuo. Katiba haikutofautisha baina ya mtoto aliyevaa yunifomu asubuhi na mtoto huyo huyo aliyevaa kanzu jioni. Lakini kama mwalimu ameiacha bakora kwa kuogopa askari tu, basi naye amekuwa kama yule mwanafunzi wa Ibn Khaldun.

Basi wakiuliza nidhamu itatoka wapi, tutawaeleza tunayoyafanya, pamoja na upungufu wake.

Kwanza tuliacha kukaa juu ya kiti mbele ya safu. Tunakaa mkekani, ubavuni mwa anayesoma, na mikono yetu tunaiweka mapajani anapoweza kuiona. Mtoto wa dirisha alichukua karibu miezi miwili kabla macho yake hayajashuka yakatulia juu ya msahafu. Miezi miwili, kwa jambo ambalo hatukulifanya sisi! Wenye haraka ya khitma wataona ni muda uliopotea. Sisi tunaona ndiyo iliyokuwa sehemu ngumu ya somo lake. Herufi zilikuja zenyewe baadaye.

Makosa ya kisomo tunayasahihisha kwa sauti anayoisikia yeye peke yake. Imamu Ghazali, alipotaja wajibu wa mwalimu katika Ihyaa, alihimiza mwanafunzi aepushwe na tabia mbaya kwa ishara kadiri iwezekanavyo, si kwa kumfedhehesha. Kwani fedheha hulirarua pazia la haya, na haya ikishararuka humtia mtu ujasiri wa kurudia. Tumelishuhudia hilo. Mtoto aliyeitwa mwizi mbele ya darasa hana tena jina la kulilinda.

Wavulana wawili walipopigana mlangoni kwa ajili ya ndara, hatukuuliza nani ameanza, kwa sababu swali hilo halina jibu tangu dunia iumbwe. Tuliwapa kazi ya kuvipanga viatu vya darasa zima kwa wiki moja, wote wawili pamoja. Siku mbili za mwanzo hawakusemezana. Siku ya nne tuliwakuta wamepanga vya wasichana kwa rangi. Yuko mwingine ambaye dawa hiyo haikumfaa hata kidogo, ikabidi tumwendee mama yake nyumbani, na huko ndiko tulikofahamu kwamba mtoto hajalala vyema tangu babake asafiri. Hatuna kanuni moja ya kuwapa wasomaji.

Na mwalimu akikosea? Katika swala, imamu akiteleza katika aya, maamuma humfungulia, na imamu hupokea na kuendelea. Haoni kuwa amevunjiwa heshima. Ajabu ni kwamba imamu huyo huyo akiketi darasani, mtoto akimsahihisha anaonekana mtovu wa adabu. Mwaka jana msichana wa miaka kumi na moja aliinua kidole akasema, kwa woga mwingi, "Maalim, nadhani hapo kuna mada." Tukaangalia. Ilikuwapo. Tukasema mbele ya wote, "Umesema kweli, sisi tumekosea," tukairudia aya. Tangu siku hiyo amekuwa hafichi anapokwama. Hatukumfundisha ukweli kwa mawaidha yoyote. Aliuona ukimgharimu mtu mzima, akaona kuwa mtu mzima hakufa.

Hapa Lamu jirani, Habib Swaleh Jamal al-Layl, mwanzilishi wa Riyadha aliyefariki mwaka 1935, anakumbukwa kwa kuwafungulia elimu watu ambao mji wa wakati ule uliwaweka nyuma, wakiwamo waliotoka katika utumwa. Tunaitaja kwa sababu uaminifu huanza mahali unapomkalisha mtoto. Tuhesabu leo, katika vyuo vyetu, ni watoto wa nani wanaoketi chini ya feni na ni wa nani wanaoketi karibu na viatu.

Lipo jambo jingine ambalo lazima lisemwe katika jarida linalosomwa na familia. Mtoto akishamwamini mwalimu ataleta siri, na siri nyingine ni nzito: ya nyumbani, ya barabarani, au ya mwalimu mwingine. Mwalimu asimwahidi mtoto kuwa hatamwambia yeyote. Amwambie kwamba atamwambia yule tu anayeweza kusaidia, na atimize. Ipo simu ya watoto, namba 116, isiyotozwa malipo. Na uaminifu haumpi mwalimu ruhusa ya kukaa faragha na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa. Mlango wa chuo uwe wazi, na mzazi awe na haki ya kuingia bila kubisha. Mwalimu mwema hapungukiwi na chochote kwa hilo. Aibu ya kukihifadhi chuo isiwe kubwa kuliko aibu ya kutomhifadhi mtoto.

Wazazi nao wana sehemu yao, ingawa leo hatutaki kuwagombeza sana. Tunasema tu kwamba mzazi anayelipa maelfu ya tyusheni ya hesabati bila kuguna, kisha akaomba kupunguziwa ada ya chuo mbele ya mwanawe, ameshamfundisha mtoto thamani ya mwalimu kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Tukiwa tumeitaja ada, imetufika zamu ya kusema letu.

Ulikuwa mwaka wetu wa tatu katika ualimu. Ada ililetwa kila Alhamisi, nasi tulizikusanya sarafu na noti katika kitambaa, tukakifunga fundo. Alhamisi moja, baada ya Alasiri, kitambaa hakikuonekana. Ndani yake mlikuwa na shilingi mia mbili na kitu. Wa mwisho kutoka darasani alikuwa mvulana wa miaka kumi na moja, mwana wa hamali wa bandarini, ambaye ada yake mara nyingi ilichelewa. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yetu yote. Tukamsimamisha mbele ya wenzake arubaini, tukamgeuza mifuko, tukamuuliza mara tatu, akakana mara tatu. Tukampiga kwa kukana kwake. Hakulia.

Usiku, baada ya Isha, tulipokuwa tukitundika kanzu, kitambaa kikaanguka kutoka mfukoni mwetu.

Kesho yake tulimwita pembeni tukamnong'oneza kwamba pesa zimepatikana, tukampa shilingi kumi. Alizipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa. Darasani hatukusema kitu. Tuliona, au tulijipa kuona, kwamba kulirudia jambo lile kungeiangusha heshima ya mwalimu, na heshima ya mwalimu ikianguka chuo kitaendeshwa vipi? Tulimuaibisha mbele ya watu arubaini tukamtakasa mbele ya mmoja. Aliendelea kuja mpaka mwisho wa mwezi, kisha hakuja tena. Tulisikia ameingia katika uvuvi.

Miaka miwili iliyopita mtu mmoja alikuja kuandikisha binti wa miaka saba. Akasema, "Maalim, hunikumbuki." Tulimkumbuka. Hapo hapo barazani, mbele ya wazazi wawili waliokuwa wakingoja zamu yao, tulimwambia kwamba tulimdhulumu, kwamba fundo lilikuwa katika mfuko wa kanzu yetu, na kwamba tunamuomba radhi kabla hatujaulizwa mahali pengine. Akatazama chini. Akasema, "Zamani hizo, Maalim, yamepita." Kisha akamshika binti yake begani. "Lakini nina ombi moja. Siku ukimshuku huyu kwa lolote, nipigie mimi kwanza. Usimuulize mbele ya wenzake." Tukalifungua daftari la mahudhurio, tukaiandika namba yake ya simu ukurasa wa kwanza, na chini yake tukaandika ombi lake kwa maneno yake mwenyewe.

Wiki iliyopita, baada ya kumpata idhini, tuliwasimulia watoto wetu kisa hiki bila kutaja jina. Walikuwa kimya kabisa, jambo ambalo si la kila siku. Kisha mtoto wa dirisha, ambaye hajazoea kuuliza, akauliza: "Na wale wenzake arubaini, Maalim, waliambiwa?"

Tukamjibu kwamba hawakuambiwa.

Wale arubaini sasa ni watu wazima. Baadhi yao wako hapa mjini, wana watoto wao, na jarida hili huwafikia kila Ijumaa. Jina hatulitaji, kwa kuwa mwenyewe hakutaka, lakini nyinyi mliokuwapo siku ile mnalijua. Hakuiba. Pesa zilikuwa kwetu.